Kona Hamsini na Saba: Morogoro hadi Matamba kwa siku tano

Nina wiki mbili tangu nirudi nyumbani Morogoro. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu la ushonaji, la vipimo vya wateja, ambalo kurasa zake za nyuma nilikuwa naziandika kila jioni nikiwa njiani, pamoja na picha za simu. Mtu mwingine akipanda basi asubuhi stendi ya Msamvu, jioni yuko Chimala, chini ya mlima wa Matamba. Mimi ilinichukua siku tatu kufika Chimala na siku mbili nyingine kuupanda mlima. Naandika gharama na vituo vyote, hata pale niliposhuka kabla ya kufika, kwa sababu najua kuna wengine wanaoogopa barabara kama mimi na hawajui waanzie wapi.

Oktoba 2021 nilikuwa nashuka kutoka Matamba kwenye pikapu iliyobeba viazi. Breki zikakataa. Dereva akaielekeza kwenye ukuta wa mlima badala ya korongo, ndiyo maana wote tuliokuwemo tuko hai. Mimi nilivunjika mtulinga. Mfupa uliunga baada ya wiki saba. Hofu ikabaki. Toka siku hiyo sikupanda gari lolote linaloelekea milimani, na mama, ambaye anaishi Matamba, ndiye aliyekuwa akishuka kuja kuniona. Alikuja mara mbili. Mwaka huu baada ya Pasaka akanipigia: "Mwanangu, goti limekataa. Mimi sishuki tena."

Jumatatu, 9 Juni. Msamvu hadi Ruaha Mbuyuni

Nilikata tiketi ya Iringa, 18,000. Shule zilikuwa zimefungwa na Idi ndiyo kwanza imepita, kwa hiyo stendi ilijaa watoto na ndoo. Kama unasafiri Juni au Desemba, kata tiketi siku moja kabla na uchague kiti mwenyewe. Mimi niliomba kiti cha upande wa korido, nisiwe karibu na kioo.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inapita kilomita kama 50 na mwendo wa magari umewekewa kikomo. Sehemu hiyo niliipenda. Basi lilitembea taratibu, twiga walikuwa karibu kabisa na lami, na mzee aliyekaa dirishani akaniachia nafasi nipige picha. Nilijiambia kumbe naweza.

Kisha tukaingia kona za Iyovi. Viganja vikalowa jasho, masikio yakaziba, nikaanza kumsikiliza dereva kila akikanyaga breki kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Hizo ni kona ndogo, na mlima wa Kitonga ulikuwa bado mbele. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, basi liliposimama watu wanunue vitunguu, nikachukua mkoba wangu.

"Dada, tiketi yako ni ya Iringa," konda akasema.

"Najua. Naomba unishushe hapa."

Aliniangalia usoni, akanyamaza. Akafungua buti, akalitafuta begi langu chini ya mizigo ya watu wote, akaliweka kivulini. "Pole dada. Kesho magari yapo." Basi likaondoka na pesa yangu ya Iringa.

Ruaha Mbuyuni kuna joto, kuna mibuyu kila unakogeuka, na kuna vitunguu kwenye viroba vyekundu vilivyopangwa kando ya barabara. Gesti ilikuwa 15,000, chandarua kizima, maji ya ndoo. Kwa mama lishe nilikula ugali na samaki kwa 3,000. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia Matamba, akasema basi bado sana. Nikamwambia nimeogopa Kitonga. Hakucheka. Akasema yeye ana dada yake Ilula na kila akienda kumwona huwa anafumba macho.

Usiku niliandika kwenye daftari: "Nimefika Ruaha Mbuyuni. Sijafika Iringa." Nilitaka kuufuta mstari wa pili. Niliuacha, kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli, na kwa karibu miaka minne sikuwa na la kuandika kwenye mstari wa kwanza.

Jumanne, 10 Juni. Kitonga

Mama lishe ndiye aliyenitafutia Kosta ya asubuhi, nauli 6,000, na akamwambia konda aniweke upande wa mlima. Kumbe hilo ni jambo la kawaida, watu wanaliomba. Liombe na wewe.

Pembeni yangu alikaa msichana wa miaka ishirini na kitu, mgongoni ana mtoto, miguuni ana kiroba. Tulipopita Mahenge akamfungua mtoto. "Dada, nishikie huyu nipange mzigo vizuri." Akanipa. Mzigo akaupanga, lakini mtoto hakumchukua. Nadhani aliiona mikono yangu inavyotetemeka akaamua ipewe kazi.

Kwa asiyeijua Kitonga: barabara inapanda ikiwa imebanwa ubavuni mwa mlima, msitu juu yako, korongo chini yako, na malori ya Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, moja nyuma ya jingine. Ukilikuta lori limeharibika kwenye kona, wote mnasubiri. Sisi tulisubiri dakika arobaini. Nyani wakaja kukaa kwenye kingo wakitazama madirisha ya magari. Kona tatu za kwanza nilikuwa nimefumba macho. Ya nne, mtoto akanishika hereni akaivuta kwa nguvu zote. Nikalazimika kufungua macho nimnasue vidole, na nilipomaliza kumnasua tulikuwa katikati ya kona, na nje niliona korongo lote hadi chini, na gari linaendelea kupanda vilevile.

Sikufumba tena. Naomba nieleweke: hofu haikuondoka. Tumbo lilikuwa limekaza hadi Ilula. Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri kwanza niache kuogopa ndipo nisafiri, na pale Kitonga, na mtoto wa watu mapajani, niligundua naweza kuwa na vyote viwili ndani ya Kosta moja.

Msichana alishuka Ilula, kwenye matenga ya nyanya. Nilimpa 2,000 ya mtoto, akakataa, nikaiweka kwenye kofia ya mtoto.

Stendi kubwa ya Iringa iko Igumbilo, chini kando ya barabara kuu. Mjini unapanda daladala. Nilipata chumba cha 20,000 chenye blanketi mbili, na unazihitaji zote Juni. Jioni nilikwenda Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Watu wanapanda hadi kileleni kutazama jua likizama. Mimi nilipanda hadi karibu na nusu, nikakaa. Vijana wawili waliokuwa wanashuka wakanisalimu "Kamwene," nikaitikia, mmoja akaniuliza kama nahitaji mkono wa kupandia. Nikamwambia hapa panatosha kwa leo. Taa za Iringa zinaonekana vizuri hata kutoka nusu ya jiwe.

Jumatano, 11 Juni. Iringa hadi Chimala

Basi la Mbeya, 15,000 hadi Chimala. Kibao cha Isimila, misitu ya mbao ya Sao Hill, baridi ya Mafinga, upepo wa Makambako uliotaka kunivua kilemba nilipokwenda kununua mahindi ya kuchoma, kisha bonde likafunguka na kukawa na joto tena. Barabara hiyo haina kona za kunitisha. Nililala.

Chimala ni mji wa mchele. Sahani ya wali maharage ilikuwa 2,500 na ule wali unanukia kabla haujafika mezani. Gesti 15,000. Dirisha la chumba changu lilikuwa linaangalia kusini, na kusini mwa Chimala kuna ukuta. Sina neno jingine. Uwanda wa Usangu unakuja tambarare kabisa, halafu mlima unasimama wima, na juu ya huo mlima ndiko Matamba na Kitulo. Ukiangalia vizuri unaiona barabara, mstari mwekundu unaokwenda kushoto, unarudi kulia, unakwenda kushoto. Inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Nilifunga pazia.

Kwa wasafiri: magari ya Matamba ni ya abiria na mizigo pamoja, hujaa asubuhi. Mimi nilitajiwa 10,000. Uliza mapema, kwa sababu likishajaa la asubuhi unaweza kusubiri hadi mchana.

Alhamisi, 12 Juni. Kona kumi na tisa

Nilikuja na vifungo 57 kutoka dukani kwangu, vya shati, vyeupe, kwenye mfuko wa kushoto wa koti. Mpango ulikuwa kila kona nihamishe kimoja kwenda mfuko wa kulia. Nilidhani nikiwa na kazi ya mikono, kama siku ya Kitonga, nitaweza kukaa ndani ya gari.

Nilihamisha viwili. Gari lilipobadilisha gia kwenye kona ya tatu, likarudi nyuma hatua mbili kabla ya kushika, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema "Simama!" Dereva akasimama. Abiria wengine wakanung'unika, na wana haki. Nikateremka, nikamwomba dereva begi langu alifikishe Matamba kwa mama, nikamtajia jina la mama, akasema anamfahamu, ni yule wa karibu na kanisa mwenye goti. Hakunidai zaidi ya alichokuwa ameshapokea.

Nikaanza kutembea. Sikuwa nimekunywa chai, viatu vilikuwa vya mjini, maji nusu chupa, na ilikuwa saa tano. Kona ya kumi jua likanipiga kichwani. Kona ya kumi na tisa nikakaa kwenye jiwe, nikamaliza maji, nikatazama juu, na barabara ilikuwa bado inakwenda kushoto na kurudi kulia kana kwamba sijaigusa. Nikalia. Nililia kwa uchovu na kwa aibu, kwa sababu mama alikuwa anajua ninakuja na begi lingefika bila mimi.

Nilishuka kwa miguu hadi Chimala. Saa kumi mama akapiga. "Begi limefika. Wewe uko wapi?"

"Nimerudi chini, mama. Nilifika kona ya kumi na tisa."

Akakaa kimya kidogo. "Kumi na tisa toka chini?"

"Ndiyo."

"Hapo pana mwamba mweusi na maji yanadondoka. Nilipokuwa nashuka kuja kwako ndipo nilipokuwa napumzika." Halafu akasema: "Kesho ondoka saa kumi na mbili. Beba viazi vya kuchemsha."

Hakuniambia nisiogope. Nikisema nini kilinipandisha siku iliyofuata, nitataja hiyo simu.

Ijumaa, 13 Juni. Juu

Raba za mtumba 12,000 kutoka Chimala, maji lita tatu, viazi vya kuchemsha vya 1,000. Saa kumi na mbili kulikuwa na ubaridi mzuri. Kona za chini nilizifahamu tayari, na kwenye mwamba mweusi nilifika kabla ya saa mbili. Nilikaa kwenye jiwe lilelile, nikala kiazi.

Hapo wakanikuta mama wawili wenye mchele kichwani, wanapanda kwao. Niliwaamkia, "Shikamooni," wakaitikia marahaba, wakanionyesha njia ya mkato inayokata kona tatu tatu kwenda juu moja kwa moja. Nikawaambia nataka kupita kona zote. Mmoja akaniuliza kwa nini, nikamweleza ajali. Akaitua ndoo yake. "Ilikuwa ile ya viazi? Mwaka wa korona?" Akasema anaikumbuka, viazi vilitapakaa barabarani hadi watoto wakatumwa kuviokota na kuvirudisha. Sikuwahi kulijua hilo. Mimi nilikuwa nimekumbuka sauti ya bati tu. Yule mama akaacha njia ya mkato, akatembea nami barabarani kona kumi na tisa, mzigo kichwani, huku mwenzake akitangulia kumsubiri juu.

Kwa hesabu ya vifungo, pale tulipogonga ni kona ya 31. Nilipatambua kwa mti mmoja uliopinda. Ukuta wa mlima una kovu lililoota nyasi. Nilidhani nitasikia kitu kikubwa, lakini kilichokuja ni hamu ya kukaa chini, nikakaa. Mama yule akasimama pembeni yangu akitazama Usangu: majaruba ya mpunga ya Mbarali yamekauka baada ya mavuno, barabara kuu ni uzi mweusi, na treni ya TAZARA ilikuwa inapita, ndogo kama zipu. Hakusema neno. Baadaye akaninyanyua kwa mkono ule wa upande wa mtulinga wangu, na haukuuma.

Tuliachana naye kona ya 38, kwao kunakatizia hapo. Nikampa kipande cha kitenge nilichokuwa nacho mkobani. Alinipa mahindi mawili.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu kwa miguu, si kwa moyo. Kila kona tano nilikaa. Bodaboda wawili walinipita, wa tatu akasimama, kijana mpole, akaniambia kona zimeisha, kuanzia hapo hadi Matamba bado kuna mwendo, 4,000 atanifikisha. Mfuko wa kushoto ulikuwa bado na vifungo vitatu. Nikamwambia haiwezekani, nimehesabu 54. Akasema inategemea mtu anaita nini kona, yeye mwenyewe huwa anapata 59. Nilipanda pikipiki yake. Nilimshika kiunoni kwa nguvu mno, akavumilia, akaenda polepole hadi mlangoni kwa mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga mbili mabegani, mguu mmoja ameunyoosha. Aliangalia raba zangu zilivyo nyekundu kwa vumbi kabla ya kuniangalia usoni. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili na hatukuongea kwa muda. Kisha akasema nikanawe, chakula kiko tayari.

Jumamosi na Jumapili, Matamba

Asubuhi kulikuwa na sakitu nyeupe kwenye majani ya viazi. Baridi ya Juni huko ni ya kweli, kwa hiyo beba sweta mbili na soksi nzito. Ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko hapo Matamba, na wageni wawili waliokuwa dukani walisikitika kwamba hakuna maua. Kitulo, ambayo wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Aina za okidi peke yake ni zaidi ya arobaini. Lakini maua huja na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kama unakuja kwa maua, usije Juni. Nilipokuwa mdogo hatukuyaita okidi. Tulijua tu chikanda, viazi vyake vya chini ambavyo watu walikuwa wanavichimba na kuviuza viende Zambia.

Sikwenda popote. Nilimkanda mama goti kwa maji ya moto, nikamenya viazi, nikamjaribisha gauni nililomshonea na ikabidi niliachie kiunoni. Sweta lake la kijani lilikuwa halina vifungo viwili. Nikatoa mfuko wa kulia, nikamwambia achague. Akauliza kwa nini natembea na vifungo vingi hivyo, nikamweleza. Alivimwaga vyote mezani, akavihesabu taratibu, 54, na akavihesabu tena.

Jumatatu, 16 Juni. Kushuka

Kushuka ndiko nilikoogopa zaidi, maana ndiko tulikopata ajali. Nilikwenda kuongea na dereva jioni ya Jumapili, yule aliyelibeba begi langu. Nilimwambia ukweli wote. Akanionyesha breki zake, akanipa kiti cha mbele, na tukakubaliana: nikigonga dashibodi mara mbili anasimama bila maswali, mimi nashuka kwa miguu, naye ananisubiri mbele. Abiria aliwaeleza mwenyewe kabla hatujaondoka. Fanya hivi kama una hofu. Ongea na dereva siku moja kabla, si gari likiwa tayari kwenye kona.

Niligonga mara mbili. Mara ya kwanza karibu na mti uliopinda, nikatembea kona sita. Mara ya pili sikumbuki kwa nini, kona mbili tu. Zilizobaki nilikaa ndani ya gari macho wazi, mkono kwenye mpini wa mlango. Aliponishusha Chimala alikataa nyongeza, akachukua soda.

Kurudi Morogoro kulikuwa siku mbili, nikilala Iringa. Kitonga tulishuka mchana na nilifumba macho kona mbili za juu.

Mama alipiga nikiwa bado natoa begi kwenye buti pale Msamvu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Na viazi?"

Debe zima, hakuna hata kimoja kilichopondeka. Nikamwambia Desemba nakuja kuona maua, akasema atamwambia dereva anitunzie kiti cha mbele. Sweta lake lina vifungo vyote sasa. Vile vitatu vya mfuko wa kushoto bado ninavyo, viko kwenye kopo la cherehani.